Macho ya Chini ya Paa

Kila Februari, mwenzake akipanda kuondoa theluji kwenye paa letu hapa Turku, Ufini, mzee mmoja hubaki chini kuwazuia wapita njia, filimbi shingoni, uso juu. Simu ikitetema mfukoni, haigusi. Usingizi ukimnyemelea, hujifinya sikio kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi. Leo jirani yangu Hilkka, mwenye haraka zake, alimcheka: “Babu wee, kumbe kusimama tu nako ni kazi? Nipishe, basi litaniacha!” Mzee akamzuia kwa mkono. “Subiri, mama.” Bonge la barafu likaanguka kutoka paani, likapasukia hatua moja mbele yao. “Haya, pita upesi,” mzee alimwambia kwa sauti iliyochoka, bila kumtazama, maana juu theluji ilikuwa bado nyingi.