Biasha na Simbilisi Wanne

Biasha wa Bongwe alikuwa amefikisha miaka hamsini na miwili, na katika umri wote huo alikuwa amekutana na watu watatu tu wa kuaminika kuachiwa mnyama. Wawili walikwisha kufa.

Kwa miaka kumi na tisa alitandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na huko ndiko dharau yake ilikokomaa. Ukitandua shuka za mtu kila asubuhi, huna tena haja ya kusimuliwa habari zake. Alipoacha kazi, walinzi na wapishi wa majumba ya pwani waliendelea kumpigia simu kila tajiri alipohama akaacha kiumbe nyuma. Mara nyingi walikuwa simbilisi, vile vinyama visivyo na mkia, vyenye manyoya ya sungura na sauti ya filimbi, ambavyo wazazi huwanunulia watoto. Wiki mbili ni vicheko. Wiki ya tatu mtoto amechoka, ya nne mama amesikia harufu, na ya tano Biasha anapigiwa simu.

Huyu wa mwisho alitoka kwa wapangaji waliokuwa wakimlisha simbilisi wao dagaa, eti kwa kuwa ana meno ya panya. Watu wenye shahada, wenye friji mbili, na hakuna aliyefikiri kung'oa ukoka uliojaa uani. Biasha alimkuta mnyama ana magamba mgongoni na manyoya yamemtoka. Alimpa mchicha, majani ya mbaazi na vipande vya chungwa, na baada ya siku kumi na sita mnyama huyo, kumbe alikuja na mimba, akazaa watoto watatu, wote majike. Sasa walikuwa wameacha kunyonya.

Kibanda walimokaa kilikuwa cha mdogo wake, Suleiman.

"Dada, Ijumaa naleta mbuzi wa Idi," alisema Suleiman. "Nikiwakuta hapa nitawafungulia mlango."

"Na paka, je?"

"Paka naye si anakula?"

Biasha aliinama kuokota maganda ya chungwa. Alikuwa amemlea Suleiman mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko maneno yake.

Zilibaki siku nne. Biasha alikuwa na utaratibu wake: hampi mtu mnyama kabla ya kwenda kwake na kuyaona maji ya kuku. Mtu anaweza kufagia sebule kwa ajili ya mgeni, lakini hakuna anayekumbuka chombo cha kuku. Maji yakiwa na ukijani, mazungumzo yamekwisha.

Siku ya Jumatatu alikwenda Ukunda kwa Mercy, mwanamke kijana wa kutoka bara, ambaye hakuwa na kuku wala uwanja. "Mathe, si unipee tu wawili?" alisema, macho yakiwa kwenye simu. "Ni wa birthday ya mtoi. Tutapiga nao picha."

"Na baada ya picha?"

"Ah, tutaona."

Biasha alifunga mtandio wake na kutoka. Tutaona! Nusu ya wanyama aliowazika waliuawa na neno hilo.

Jumanne ilikuwa zamu ya Abdulrahim, meneja wa hoteli ndogo, aliyetaka wageni wawe wanawashika simbilisi wakinywa chai. "Watazoea," alisema. Kuku wake walikuwa wakinywa kwenye kopo kuukuu la rangi ya ukuta. Biasha aliyamwaga maji kwa mguu, akaaga.

Alhamisi asubuhi alielekea Matuga na boksi la simbilisi mkononi, kwa mjane aitwaye Kahaso, mkulima wa miaka sabini na zaidi aliyesifiwa na muuza mboga. Sasa Biasha alikuwa na haraka. Alipofika aliukuta mlango wa mbele umefunguliwa nusu. Akaupita, akazunguka moja kwa moja hadi nyuma, akainama kwenye beseni la kuku. Maji yalikuwa meupe, na ukingo wa beseni umesuguliwa kwa mchanga. Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti nyuma yake.

"Umeona nini?"

Kahaso alikuwa amesimama na jembe.

"Naangalia maji, mama. Nimeleta..."

"Sijakuuliza umeleta nini. Nyumba hii ina mlango. Umeupita kama mbwa anayenusa sufuria. Wewe mwenyewe nani alikulea?"

Biasha alinyanyuka kutoka kwenye beseni. Miaka yote hiyo alikuwa amewapima watu kwa adabu zao, na leo hakuwa amepiga hodi wala kutoa shikamoo kwa mtu aliyelingana na mama yake. Angeweza kuondoka. Angemwita mwanamke huyu mkali na mwenye kiburi, na njia nzima hadi Bongwe angekuwa na haki. Ndani ya boksi mmoja wa wadogo alipiga filimbi, na wengine wakamwitikia.

Alirudi. Alizunguka nyumba, akatoka hadi barabarani, akasimama juani na boksi lake.

"Hodi!"

Alimsikia Kahaso akiendelea kulima.

"Hodi wenyewe!"

Jembe lilipiga mara tano, sita. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akamtazama Biasha akiupigia hodi mlango uliokuwa wazi, akacheka. Biasha alitamani kumrushia jiwe.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba," Kahaso alijibu kutoka uani, akaja mlangoni bila haraka. "Karibu. Kaa hapo mkekani. Sasa niambie umeleta nini."

Biasha alifungua boksi. Kahaso aliwatazama wanyama wanne kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Wanakula nini?"

"Majani. Hasa ukoka. Na chungwa kidogo kila siku, wasiugue."

"Hawa wana adabu kuliko wewe ulivyoingia," alisema Kahaso, akalichukua boksi na kuliweka kivulini, upande wake wa mkeka.