Siku Tuta Lilipokatika

Mwaka ule mvua haikutupa nafasi ya kupumua. Tuta la Mto Mkondoa lilikuwa limeanza kupasuka, kwa hiyo majirani tulijaza mchanga kwenye viroba na kugawana watu wasiojiweza wa kuwabeba maji yakija. Mimi na wenzangu watatu tulipewa bibi jirani aliyepooza miguu. Tulijaribu mara mbili kumbeba kwa kitanda chake cha kamba, naye akacheka kwamba tunamfanya bibi harusi.

Tuta lilikatika mchana. Nilipofika kwa bibi maji yalikuwa magotini, na wenzangu hawakuonekana. Nilijaribu kumwinua, nikashindwa. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Aliyesikia ni mfugaji mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake kuelekea mlimani. Aliwaacha, akaingia.

"Shikamoo, bibi," alisema, maji yakiwa yamemfika kiunoni.

"Marahaba, mwanangu. Wahi mifugo yako, mimi nimeshaishi."

Mfugaji aliinama kando ya kitanda. Alimbeba mgongoni, mimi nikamshikilia kwa nyuma, tukapanda hadi relini. Kutoka pale tuliwaona ng'ombe wakichukuliwa na maji mmoja mmoja. Yule mfugaji alikuwa akiwaita kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, mpaka wakaisha.

Wenzangu watatu walikuja jioni, wamewabeba watoto wao. Walishindwa kunitazama. Sikuwalaumu. Wanangu siku ile walikuwa shuleni, juu mlimani. Wangekuwa nyumbani, nisingekwenda kwa bibi.