Hewa ya Pwani, Injini ya Bara

Niliondoka Eldoret kukiwa na ukungu, na hadi nafika Timboroa koti lilikuwa bado mwilini. Gari langu lilikuwa jekundu, la Kijapani, la milango mitatu, la aina ile inayovutwa na magurudumu ya mbele, lililoundwa tangu kiwandani kwa ajili ya mtu asiye na subira. Nililinunua likiwa limechoka, nikalirudishia uhai kidogo kidogo: kemshafti kali zaidi ya kufungulia vali, ekzosi pana, springi fupi zilizolilaza chini, na kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya kwa laptopu. Aliyeipanga ni rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, mwenye gereji nyuma ya soko. Jumapili tulikuwa tukitoka kwa barabara ya Iten, mimi nikiendesha, yeye laptopu mapajani, anaongeza petroli hapa, anachelewesha moto wa plagi pale, mpaka injini ikapata sauti tuliyoitaka.

Mwaka huo mama alikuwa amefariki na boma likagawanywa. Mimi nikapata kazi ya kutengeneza friji na viyoyozi katika nyumba za wageni huko Watamu. Vyote nilivyotoka navyo viliingia kwenye buti: sanduku la spana, godoro, blanketi mbili, na mtungi wa plastiki wenye maji ya rejeta. Timboroa nilimalizia maji yale kuosha kioo cha mbele, nikaufunga mtungi kwa nguvu na kuutupa nyuma.

Kuanzia Mtito Andei niliona jambo nisilolielewa. Gari lilikuwa limeongezeka nguvu. Kila tulivyoshuka ndivyo lilivyozidi. Nikikanyaga, usukani unajivuta kushoto mikononi mwangu, kama yanavyofanya magari ya aina hii pale magurudumu ya mbele yanapolemewa na kazi mbili, kuvuta na kukata kona. Nilicheka peke yangu. Nilidhani gari limefurahi kuondoka kama nilivyofurahi mimi, nikaliruhusu. Nikalikanyaga hadi Mariakani, nikakata kwenda Kaloleni, nikavuka daraja la Kilifi, na kwenye mnyooko wa Tezo, dirisha likiwa wazi na joto limeniganda shingoni, nikaisikia ile sauti: kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Nikaachia mguu, ikanyamaza. Nikajiambia ni mawe ya barabarani.

Nilipanga chumba Dabaso, kwa mama mmoja mjane, Mgiriama, mwenye shamba la mihogo na mbuzi wasiosikia la mtu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta analizunguka gari langu, mikono nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona limekaa kitako? Limechoka na safari?"

"Ndivyo lilivyo, mama. Nimelishusha mwenyewe."

"Umelishusha!" Akapiga makofi. "Watu hapa wananyanyua vitu visiliwe na mchwa, wewe unashusha."

Mbuzi nao walikuwa na malalamiko yao. Magari mengine yaliyoegeshwa pale waliyalalia chini kutafuta kivuli. Langu hawakuweza kujipenyeza, kwa hiyo walipanda juu. Nilizoea kuamka nikakuta mwanambuzi amesimama kwenye boneti ananitazama kwa dharau.

Lakini ile sauti haikuwa ya mawe. Kila nilipokanyaga kwa nguvu ilirudi. Ndipo nikaenda Malindi, kwenye duka la spea. Mwenyewe alikuwa Muislamu wa asili ya Kihindi, wa rika langu, aliyezaliwa juu ya duka lile lile, na Kiswahili chake kilifanya changu kionekane kimevaa viatu vya shule. Alitoka nyuma ya kaunta kabla sijasema ninachotaka. Naye alikuwa na gari kama langu, jeupe, la milango minne, ambalo aliliosha kwa maji baridi kila Jumapili, hadi uvunguni, kuondoa chumvi.

"Liwashe," aliniambia. "Sasa twende kidogo."

Tulitoka kwa barabara ya Lamu. Nilipokanyaga, kokoto zikaanza.

"Bwana wee! Injini inagonga hiyo."

"Ni petroli," nikasema. "Petroli yenu, bhai."

"Petroli yetu? Petroli inashuka melini hapa Mombasa, inapandishwa huko kwenu, inafika imechoka, halafu yetu ndiyo mbaya? Watu wa bara nyinyi!"

Kisha akaacha utani. Alinieleza kitu nilichokijua na nisichotaka kukisikia. Injini inapogonga vile, petroli inawaka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo wakati bado inapanda. Itavumilia kwa muda, halafu siku moja itapasuka.

"Na ikipasuka nikuuzie nini?" akaniuliza. "Injini ya namna hii mimi sina, na Mombasa hawana. Wallahi, rudisha kompyuta ya kiwandani, toa kemshafti, uendeshe kama watu wazima."

Nilikataa. Nilimwambia imepangwa na mtu anayejua kazi yake. Sikumwambia mengine. Kule bara hakukuwa tena na mlango ambao ningeubisha na kuufungua mwenyewe. Miaka yangu yote ya nyumbani, zile Jumapili, ule ubishi wa gereji, vicheko, vilikuwa chini ya boneti ile. Kuitengua injini ilikuwa kama kugawanya boma mara ya pili. Na ikipasuka, ningepanda basi kurudi mikono mitupu, nisijue nashukia kituo gani.

Basi tukahangaika. Nilinunua petroli Kilifi, nikanunua Mombasa. Nilibadilisha plagi. Nilisafisha kila kinachosafishika. Muuza spea akanipa hata plagi zake mwenyewe, akazitoa kwenye gari lake jeupe mbele ya macho yangu huku akinitukana kwa upole. Kokoto zikaendelea. Mwishowe nikawa naenda kazini Watamu kama niliyebeba trei ya mayai, na wenye pikipiki wananipita wakinipigia honi. Mmoja alipunguza mwendo akaniuliza kama gari ni la kuazima.

Siku moja mfereji ulikauka Dabaso nzima. Mama mwenye nyumba alikuwa anakusanya kila chombo cha kuchotea maji, akaja kubisha mlangoni kwangu.

"Huna mtungi, baba?"

Nikaukumbuka ule wa kwenye buti, ambao sikuwa nimeugusa tangu safari. Nilipoutoa tulitazamana. Ulikuwa umebonyea mbavu zote, umejikunja kama mtu mwenye tumbo la njaa.

"Umeukalia?" aliuliza.

"Hata. Ulikuwa mzima huu."

Akauchukua, akauweka katikati ya magoti, akakifungua kifuniko. Mtungi ukavuta hewa, fyuu, na mbavu zikaruka nje kwa kishindo. Mama akaruka naye. Mbuzi wakatawanyika.

"Yesu wangu! Limevuta pumzi dude hili! Umeleta nini nyumbani kwangu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikanikauka. Mtungi ule niliufunga Timboroa, mahali pa juu kuliko njia yote niliyopita. Kilichokuwa ndani ni hewa ya Timboroa, nyepesi, na hewa ya huku chini ikaukandamiza kutoka nje mpaka ukajikunja. Kila siku kazini nilikuwa nafunga geji kwenye mabomba ya friji, napima msukumo wa gesi, najiona mtaalamu, na sikuwahi kujiuliza injini yangu inavuta nini.

Nilimpigia rafiki yangu nikiwa nimesimama pale pale uani.

"Hebu niambie," nikasema, "wewe umewahi kushuka chini ya Naivasha?"

"Nairobi nimefika. Mara moja, mazishi."

"Na pwani?"

"Pwani nimeiona kwenye kalenda. Kwani kuna nini?"

Nilimweleza habari za mtungi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa shati nje ndani sokoni.

Kwenye laptopu, mpangilio wa injini ni jedwali. Kadiri injini inavyovuta hewa nzito zaidi, ndivyo inavyosogea kwenye safu za kulia, na kila kisanduku kinaiambia imwage petroli kiasi gani na iwashe moto wakati gani. Kule kwetu hewa ni nyepesi. Hata ukikanyaga mpaka sakafuni, injini haifiki kwenye safu za mwisho. Katika miaka yote ya Jumapili zetu, hakuna gari lililowahi kuzigusa.

"Kwa hiyo uliweka nini mle?" nikamuuliza.

"Nilikisia, kaka. Nilijaza tu pasibaki wazi. Nani angefika huko?"

Fundi wa pwani asingekosea hivyo. Kosa lile lilihitaji watu wawili waliokulia mlimani, wanaoamini kwamba hewa ni hewa popote. Na ile nguvu iliyonichekesha kutoka Mtito ilikuwa ni gari linaingia kwenye visanduku vilivyojazwa kwa kukisia.

Muuza spea alipoyasikia haya alijipiga paji la uso. Yeye gari lake lilikuwa na kompyuta ya kiwandani, iliyopangwa na Wajapani, nao wana bahari. Jumapili iliyofuata tulienda upande wa Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, ambako barabara imenyooka na asubuhi haina watu. Mkewe alitufungia mahamri. Yeye aliendesha, mimi nikakaa na laptopu, na rafiki yangu alikuwa kwenye simu kutoka Eldoret, akitupigia kelele kila mtandao uliporudi.

"Gia ya tatu, akanyage nusu. Nusu, nimesema!"

"Mwambie nimemsikia," alisema muuza spea. "Mwambie mimi nilikuwa naendesha yeye bado mchanga anapakwa masizi usoni."

Tuliongeza petroli kwenye kisanduku kimoja, tukachelewesha moto, tukarudia. Kokoto zikipungua tunasogea kulia. Zikirudi tunaachia na kuanza tena. Siku ya kwanza tulisogea kidogo sana. Mahamri yaliisha kabla ya safu. Tulirudi Jumapili nyingine, na nyingine, mvua ikatukatiza, tukarudi tena. Nilijifunza kuisikiliza injini kwa namna ambayo kule nyumbani nilimwachia mwenzangu, na ilifika siku simu ikakatika katikati ya kazi, nikaendelea bila kuingojea.

Ilibaki safu ya mwisho. Muuza spea alisimamisha gari, akafuta mikono kwenye suruali.

"Hii kanyaga mwenyewe," alisema. "Ikipasuka isiwe mguu wangu."

Tulibadilishana viti. Niliingiza gia ya tatu, nikakanyaga hadi mwisho, usukani ukajivuta, marundo meupe ya chumvi yakapita kasi upande wa kulia, na mimi nilikuwa nimekaza meno nikisubiri nyundo. Sindano ya mizunguko ya injini ilipanda mpaka pale juu kabisa. Nikaingiza ya nne. Hakuna kokoto. Ilikuwa ni injini peke yake, sauti moja nene kutoka mwanzo hadi mwisho, na muuza spea akiwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi," alisema tuliposimama. "Sasa lipeleke likaoshwe. Chumvi hiyo."

Baada ya hapo nilikaa pwani miaka kadhaa, na ilikuwa miaka mizuri. Wengi waliohamia huku na magari ya namna hii kutoka bara walikuwa na kokoto zile zile, wote wanalaumu petroli. Muuza spea alinitumia mmoja baada ya mwingine, na Jumapili zangu zikajaa. Lakini nyumba nilizokuwa nazihudumia ziliuzwa moja moja, wenye kuja wakaja na mafundi wao, na mimi miguu yangu haijawahi kujua kukaa. Rafiki yangu alikuwa anapanua gereji. Alinitaka turudi kufanya kazi pamoja, naye akasema atakuja mwenyewe kunichukua, kwa sababu kuna safu za jedwali ambazo hajawahi kuziona zikiwaka kwenye skrini injini inapozifikia.

Alifika kwa basi. Kabla hata ya kula nilimpeleka ufukweni. Alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Siku ya kuondoka mama mwenye nyumba alitupakilia mihogo mpaka springi zikalalamika. Alinishika mkono kwa muda.

"Utarudi lini, baba?"

Nilimwambia ukweli, kwamba safari hii sidhani. Akatikisa kichwa, akamgeukia rafiki yangu na kumwagiza aniangalie nile vizuri. Muuza spea tulimpitia Malindi. Alifungua boneti mara ya mwisho, akaangalia kila kitu kama daktari, akaifunga.

"Huko juu litapungua nguvu," aliniambia. "Usije ukasema nimeliroga."

"Litapungua, lakini litakuwa zima, bhai."

"Nenda basi, mtu wa bara. Nenda kabla sijazificha funguo."

Rafiki yangu alisafiri na laptopu imefunguliwa mapajani, kama zamani. Njia nzima alinitaka nikanyage, na nilipokanyaga alikuwa anatazama visanduku vyake vya kukisia vikiwaka kimoja kimoja, vikiwa na namba nilizoziandika mimi, naye anazisoma kwa kunong'ona. Mara mbili aliniuliza nimejuaje. Kabla ya Voi barabara ilianza kupanda taratibu, na gari nikalihisi linapumua hewa nyepesi zaidi, nguvu zikipungua.

"Safu ya mwisho imezimika," alisema. Akasubiri. "Haiwaki tena. Nikanyagie."

Nilikanyaga. Haikuwaka.

"Pwani yako imeishia hapa," akasema.

"Iache humo kwenye jedwali," nikamwambia. "Atakayeshuka ataikuta."

Nikaingiza gia ya nne, tukaendelea kupanda.