Miwa Kwenye Mashine ya Mashuka

Idara ya afya imetamka, kwa utulivu wa watu wasiowahi kuhara, kwamba kinywaji cha miwa kinachotengenezwa nyumbani kitahesabiwa kuwa salama endapo mtu wa nyumba hiyo atakinywa mbele ya mkaguzi bila kulazimishwa. Hoja haina tundu. Nani atajinywea sumu kwa ajili ya kibali?

Tangazo hilo lilimfurahisha Dobi kuliko mtu yeyote mtaani. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na alipostaafu, wakubwa wake walisoma hotuba ndefu kisha wakamzawadia kitu ambacho hakuna aliyetaka kukibeba hadi jalalani: mashine ya kukamulia mashuka, rola mbili za chuma na mpini wa kuzungusha. Akaifunga kwenye benchi uani. Siku moja, kwa kuchoka kukaa bure, akapitisha muwa. Maji yakatiririka. Makapi yakatokea upande wa pili yamenyooka, bapa kama foronya.

Dobi akazaliwa upya. Humenya miwa, huipasua, huikamua pamoja na tangawizi, kisha humalizia na ndimu. Rangi ya kinywaji ni ya mtaro baada ya mvua na povu lake ni la sabuni, lakini wanywaji huapa kwamba ni kitamu ajabu. Majirani walikuja na majagi, na mashine ilikotoka hawakuuliza. Waliokuwa wakimwita "yule mzee wa kufua" sasa walimwita Mkurugenzi. Hata mwendo ukabadilika. Kilichobaki ni kibali cha kuuza nje ya geti. Bila kibali, mgambo wangemwaga ndoo, naye angerudi kuwa mzee wa kuua mbu kibarazani.

Ambaye hakuwa ameonja ni mkewe. Mama watoto ameishi na hadithi za kazini za mtu huyu, zilizosimuliwa aghalabu wakati wa kula: shuka la chumba cha upasuaji, shuka la mgonjwa wa tumbo, na siku bandeji iliponasa kwenye rola, ikavutwa kwa koleo, ikaja na kitu. Kitu gani, Dobi hakufafanua, kwa heshima ya maini yaliyokuwa mezani. Tangu siku hiyo mama watoto hali maini.

"Nimeichemshia maji, nimeisugua kwa mchanga, dawa nimetia," Dobi alimbembeleza. "Ni safi kuliko mimi na wewe."

"Mimi mdomoni mwangu hayajapita mavi ya watu."

"Chuma hakina kumbukumbu, mama watoto."

"Mimi ninayo."

Mkaguzi, Bwana Afya, akaja, shati jeupe, kalamu mfukoni. Inzi walikuwa wameshawahi viti vya mbele kwenye ukingo wa ndoo. Aliinamia mashine, akachokonoa kwa ukucha pale rola inapoingia kwenye fremu, akavuta uzi mfupi wa kijivu.

"Hiki nini, mzee?"

"Nyuzi za muwa hizo, mkubwa."

Mama watoto ameshona maisha yake yote na pamba anaijua. Akafukuza inzi kwenye ndoo. Bwana Afya akaupangusa uzi kwenye kitambaa cha meza, karibu kabisa na glasi.

"Haya, nani anakunywa?"

Dobi alikuwa ameukamata mpini kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Alijibu haraka kuliko alivyowahi kujibu swali lolote.

"Mama watoto."

"Hulazimishwi, mama?"

Alimtazama mumewe. Yule mzee alikuwa amevaa suruali aliyoipiga pasi kwa ajili ya mgeni.

"Silazimishwi."

Akanywa. Kinywaji kilikuwa vuguvugu, kama kitu kilichotoka ndani ya mtu. Povu likang'ang'ania mdomo wa juu. Katikati ya meno kukabaki uzi. Hakutaka kujua ni wa muwa au wa nani. Akameza, kikarudi, akakimeza tena.

"Tamu?"

"Tamu," alisema, kwa sauti ya kutolea rambirambi.

Muhuri ukagongwa. Bwana Afya hakuonja, ila aliomba jagi moja awapelekee wenzake ofisini. Alipoondoka, mama watoto akaenda nyuma ya choo, akakaa huko kidogo, akarudi akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Leo umenisitiri, mke wangu," Dobi alisema, kibali kikiwa kifuani. "Wallahi umenisitiri."

"Ndiyo. Sasa na wewe kunywa, Mkurugenzi, tukupongeze."

Akammiminia glasi, ikajaa hadi pomoni. Dobi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaiweka dirishani, akaomba chai.