Mstari Mmoja wa Njia ya Wasso

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne, simu iliita mezani kwangu Karatu, na aibu ambayo hadi leo ikinijia nasaga meno peke yangu ilianzia hapo. Alikuwa Nashipai, mtunza ghala letu la dawa za mifugo kule Wasso.

"Fundi, mfumo haufunguki. Na hapa kuna mzee katoka Enguserosambu, ndama wake ana ndigana, ile homa ya kupe."

Ghala la Wasso hutumia mfumo ulioko Karatu kupitia VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, nami ndiye niliyeijenga (kazi hii sikufundishwa na mtu, nimejisomea mwenyewe miaka tisa, na najivunia kupita kiasi). Nikatazama ruta, kisanduku kinachoelekeza mawasiliano: taa ya VPN kijani. Basi nikaamua hapo hapo kwamba kosa liko Wasso.

"Umechomoa nini?"

"Sijagusa kitu. Huko kwako umepima?"

"Usinifundishe kazi! Na usitoe hata chupa moja bila mfumo." (Sheria hiyo niliitunga mimi.)

Kesho yake nikapanda basi, nikapita Ngorongoro na ukungu wake, kisha vumbi mpaka masikioni, hasira ikipanda kila kona, nikafika Wasso jioni na kuingia ghalani bila kusalimia mtu, mbele ya wafugaji saba waliokuwa wakingoja, nikaanza kufoka kwamba kuna watu hawastahili kushika hata waya wa redio.

Nashipai alikwenda kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, akasoma kwa sauti: "Hatua ya kwanza. Taa ya kijani haithibitishi njia. Pima upande wako kabla ya kumlaumu wa upande wa pili." Akanigeukia. "Hii saini ni ya nani, fundi?"

Ilikuwa yangu.

"Katoka Karatu kuja kusomewa barua yake!" akasema mfugaji mmoja, na ghala zima likacheka.

Nikapima. Ruta ya Wasso ikiiita ruta ya Karatu, jibu linakuja. Kompyuta ya ghala ikiita, kimya. Maana yake maswali yanafika, majibu hayajui pa kurudia. Nikaingia ruta ya Karatu kwa intaneti ya simu, nikasoma orodha ya njia: mstari wa Wasso haupo. Nilikuwa nimeufuta mwenyewe Jumatatu, eti nasafisha orodha. Nikaurudisha, mfumo ukafunguka papo hapo. Kazi ya dakika moja, ambayo ningeifanya Jumanne ile ile nimekaa kwenye kiti changu, chai haijapoa!

"Mpe mzee chupa yake," nikasema.

Yule mzee wa Enguserosambu, kumbe alikuwa miongoni mwa wale saba, akainuka taratibu kwa fimbo yake. "Habari za safari, fundi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chupa ya nini sasa? Ndama kafa asubuhi."

Sheria ya chupa niliichana siku hiyo hiyo. Nashipai nilimwomba radhi mbele ya wote walionisikia nikimfokea, na tangu hapo sinyanyui sauti kwa mtu kabla sijaifuata njia yangu mwenyewe hadi mwisho. Fidia ya ndama niliilipa kutoka mfukoni mwangu, laki tatu, na nauli ya kwenda na kurudi elfu sitini na nne. Jumla, shilingi 364,000.