Meza ya Masikio

Kwenye karatasi mpango ulikuwa rahisi: mzazi mwenye mtoto mdogo asizungushwe tena. Chanjo, lishe, cheti cha kuzaliwa, chekechea, vyote vikae ukumbi mmoja hapa Malaba, na kila meza ijue iliyotangulia imesema nini. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha meza. Kikao kilichagua siku ya soko ili kina mama wawepo. Nikauliza, wawepo wapi? Siku hiyo huvuka alfajiri kwenda kuuza upande wa Uganda. Mwenyekiti akasema tusonge mbele. Tukasonga.

Basi watoto waliletwa na mama mlezi, anayewatunza watoto wa wachuuzi karibu na mpaka. Aliwakalisha kwenye benchi refu la mbao. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hajaanza kusema. Muuguzi alimpigia makofi kisogoni. Hakugeuka. Akatumwa meza ya masikio, ambako mtaalamu aliniambia hawezi kumpima bila idhini ya mzazi, na saa tisa anaondoka.

Nikavuka. Nilimkuta mamake kwenye vitunguu.

"Dada, kwani hamkujua leo ni soko?"

"Tulijua."

"Sasa?"

Nikamweleza kuhusu makofi, na idhini inayotakiwa kabla ya saa tisa.

"Huyo anasikia. Ni kiburi tu, kama babake." Wenzake wakacheka. "Wacha nimalize gunia, nakuja."

Alifika saa kumi na moja. Mtaalamu alikuwa ameshaondoka. Angerudi baada ya miezi, gari likipatikana. Msichana alikuwa amebaki kwenye benchi, ametupa mgongo. Mamake akamwita kutoka mlangoni. Wapi. Mama mlezi akapiga benchi kwa kiganja, kama anavyowaita wote kila siku, na mtoto akageuka, akamwona mamake, akacheka.

"Si umeona? Amesikia."

Nikamwomba mamake aweke mkono juu ya benchi. Mama mlezi akapiga tena. Mbao zikatetemeka. Mama hakuutoa mkono, hata mtetemo ulipokwisha.

"Yule mtu wa masikio akirudi, itakuwa siku ya soko?"

"Ndiyo. Kikao kimeshapanga iwe siku ya soko kila mara."

"Basi siku hiyo sitavuka."

Nikasema sawa. Nilitarajia kuhisi kitu, aibu hata. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, nami nikashika upande mmoja wa benchi, mama mlezi mwingine, tukalirudisha stoo.