Betri Iliyopelekwa Korogwe

Yuditha Habakuki Shemhina, binti wa Habakuki aliyekata mkonge Ngombezi mpaka vidole vikakataa kukunjuka, mjukuu wa yule Shemhina aliyefyeka pori la Misima kabla ya barabara. Yeye mwenyewe alipiga taipu ofisi ya shamba la mkonge, hadi shamba likabinafsishwa na makarani wakaambiwa wakakae nyumbani. Ndipo akaja Misima, nasi akina mama wa kikundi cha maziwa tukamfanya katibu. Hatukumfadhili. Tulimhitaji.

Tulipopata laptopu, mpya kabisa, tuliigawana kama funguo za sanduku letu la akiba, ili asiwepo wa kuiiba: Yuditha mashine, Naisiae mweka hazina chaja, mwenyekiti Mama Shadya betri.

Siku ya kuiwasha tulikutana kwenye mashine ya kusaga, penye jenereta. Kila mtu akatoa chake, vikachomekwa, Yuditha akabonyeza. Kimya. Akachomeka redio kwenye soketi ileile; redio ikaimba. Taa ya chaja nayo ilikuwa inawaka. Laptopu imenuna tu.

"Umeiangusha," Mama Shadya akasema.

"Sijaiangusha, mwenyekiti."

"Basi umeigonga kama taipu zako za mkoloni. Hii haigongwi, mama!"

Watu wakacheka. Akaambiwa aipeleke Korogwe. Ikirudi haiwaki, ukatibu hana.

Huko Korogwe, fundi wa kompyuta Simeo alimwamkia, akaigeuza mashine. "Toa betri kwanza, mama, tuijaribu kwa chaja peke yake." Ikawaka palepale. Kisha akaitazama betri. "Nani kaibana hii na vibanio? Meno yameungua."

Yuditha akaelewa. Sisi tusio na umeme, betri za magari tunazowashia televisheni huwa tunazipeleka kuchajiwa kwa bwana mmoja pale stendi ya Korogwe. Akamfuata.

"Ee, mama mmoja wa Misima," yule bwana akasema. "Kaleta kibetri kama kipande cha sabuni. Nikakibana, kikafuka moshi. Nikamwambia kimeshiba."

Yuditha aliporudi Misima alikuta kikao kimeshakaa bila yeye, na kiti chake kakalia Naisula, mkamwana wa Mama Shadya, aliyesomea kompyuta Tanga. Yuditha akaiwasha mashine mbele yetu, akaeleza yote.

Mama Shadya hakutikisika. "Nilitaka ije imejaa. Kosa langu nini? Imewaka, tumshukuru Mungu. Katibu tumeshampata, tuendelee."

Akina mama wakainama, wakashughulika na ncha za khanga zao. Samahani haikutoka kinywani mwa mtu, na mpaka leo haijatoka.

Yuditha akaisogeza laptopu mbele ya Naisula.

"Kaa vizuri, mwanangu. Andika muhtasari wa leo. Anza na betri: nani aliipeleka, kwa nani, ikafanywa nini. Mkweo akikwambia ufute, usifute. Ukimaliza, wasomee kwa sauti."